Mitihani nafaulu, je, zamu ya usiku nitaiweza?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari. Mitihani nafaulu, ila nikiwaza zamu ya usiku nikiwa intani, tumbo linanikata. Hivi chuo kinatuandaa kweli, au tunakwenda kujifunzia kwa wagonjwa?

JIBU: Marahaba. Mengine mtajifunzia kwa wagonjwa, ndiyo maana intani husimamiwa. Kutambua ugonjwa chuo kinafundisha vizuri. Pengo kubwa liko kwenye kuandika dawa: mtihani unauliza dawa gani, wodi inauliza mililita ngapi.

Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye homa. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kilo, yaani 180. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, anapewa mililita 7.5. Hesabu ya shule ya msingi hiyo, lakini saa tisa usiku, simu inaita na muuguzi anakusubiri, nukta husogea na dozi ikawa mara 10. Nusu miligramu iandike 0.5, si .5, maana nukta ikififia itasomwa 5. Tano nayo iandike 5, si 5.0. Kwenye insulini andika neno "uniti" lote. U ya haraka hufanana na sifuri, 4 ikageuka 40.

Jambo la pili ni kuita msaada. Wengi huchelewa wakiogopa kuonekana hawajui, na wakipiga simu husema tu "mgonjwa wa kitanda cha 6 hayuko vizuri". Mkubwa wako, aliyetoka usingizini, afanye nini na hilo? Mwambie: mama wa miaka 34, siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo, presha 85 kwa 50, mapigo 125, mkojo mililita 15 kwa saa, nimempa nusu lita ya maji ya dripu bila mabadiliko, naomba uje. Pima kwanza, ndipo upige.

Cheti cha kifo nacho huwashinda wengi. "Moyo kusimama" si sababu; kila anayekufa moyo wake husimama. Andika kilichousimamisha.

Miezi iliyobaki, kila mgonjwa unayemchukulia historia mwandikie dawa zake kwenye karatasi yako: dozi, njia, mara ngapi, siku ngapi. Kisha mpelekee mfamasia wa wodi, umwombe asahihishe kwa kalamu nyekundu bila huruma.