Tara Ipi ya Kupanda Ireland?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Oktoba nitamtembelea binti yangu anayeishi Dublin. Nina miaka 58, na vilima vya Pugu huvipanda bila shida. Binti anasema atanipeleka Tara, lakini mimi natamani kilima kitulivu ambacho nikifika juu nitaiona bahari. Je, Tara itanifaa? – Mama wa Tegeta, Dar es Salaam.

JIBU: Shikamoo mama, na pole na maandalizi ya safari. Kwanza muulize binti anakusudia Tara ipi, kwa kuwa zipo mbili. Ile mashuhuri, inayohusishwa na wafalme wa kale wa Ireland, ipo kaunti ya Meath. Ni mahali penye heshima kubwa, ila ipo bara na wageni hawakatiki. Ninayokupendekezea kwa moyo wote ni Tara Hill ya Wexford, kusini mwa Dublin, yenye kimo cha mita 253, karibu na mji wa Gorey ambapo treni ya kwenda Rosslare husimama.

Kimo hicho kisikufanye ukidharau kilima chenyewe. Kwa kuwa kimesimama peke yake karibu na ufuko, hakuna kinachokikinga na upepo wa baharini. Njia za chini hupita msituni, nako kumetulia; ukitoka kwenye miti ndipo upepo unapokupokea, na hapo hapo bahari inafunguka upande wa mashariki, kijiji cha pwani cha Courtown kikiwa chini upande wa kusini na milima ya Wicklow kaskazini. Sisi tuliozoea jasho la Pugu huchelewa kuvaa koti, kwa hiyo nakusihi ulivae kabla ya kuuacha msitu, jasho lisije likapoa mwilini.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mwanga. Hapa Dar es Salaam saa ya machweo haibadiliki sana mwaka mzima, lakini kule siku za Oktoba hufupika upesi, na Jumapili ya mwisho ya mwezi saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, hata jua likawa linazama karibu na saa kumi na moja jioni. Anzeni asubuhi. Vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi, maana kwenye vichaka kuna kupe waambukizao maradhi, na viatu viwe vya kushika tope. Namba ya dharura ni 112. Mkishuka mapema, piteni ufukoni Courtown mkitazame kilima mlikotoka.