Je, nile kalori nilizochoma?

SWALI: Dada, programu ya simu imenipangia kalori 1,600 kwa siku ili nipungue. Nikikimbia jioni, saa yangu inasema nimechoma 450. Nizirudishe kwa kula?

JIBU: Ulipojaza taarifa zako, uliiambia programu kwamba unakimbia? Kama ndiyo, mbio zimo tayari kwenye hizo 1,600. Ukila tena hizo 450, umezihesabu mara mbili. Kama hapana, kula nusu hivi, si zote. Saa hizi za mkononi hukisia, na mara nyingi huzidisha (yangu hunisifu hata nikipiga pasi!). Tena nyingine hujumlisha kalori ambazo mwili ungetumia hata ukiwa umekaa tu. Lakini siku ya mbio ndefu, au njaa ikikunyima usingizi, ongeza chakula bila woga.