Kabla ya kununua nyumba Rochester, anzia nje

Ukienda kuangalia nyumba katika mji mdogo kama Rochester, kaskazini mwa jimbo la Victoria, Australia, dalali atataka uingie jikoni haraka. Makabati mapya, rangi mpya, sakafu inang'aa. Mwache asubiri. Zunguka nyumba kwanza, kisha tembea mtaa huo hadi mtoni.

Wengi wetu tunaotoka Melbourne, au hata Shepparton hapo jirani, tunavutwa na bei na ukubwa wa kiwanja. Bei hiyo ina sababu zake. Rochester imekaa kando ya mto Campaspe, uliofurika Januari 2011 na tena Oktoba 2022. Mara hiyo ya pili bwawa la Eppalock, upande wa juu wa mto, lilijaa hadi likamwagika, na maji yakaingia katika nyumba nyingi sana za mji. Kwa hiyo ukiona jiko jipya, uliza lilibadilishwa lini na kwa nini.

Mimi hutazama kwanza nyumba imeinuka kiasi gani. Zile za zamani za mbao hukaa juu ya nguzo fupi, na kimo hicho kidogo kinaweza kuiokoa nyumba huku ya jirani, ya matofali juu ya zege, ikilowa. Ila chungulia chini ya sakafu: mchwa wanapapenda huko, na nguzo huoza au kudidimia. Kisha naenda kwenye banda la uani. Watu hupaka rangi nyumba wakasahau banda, na mstari wa tope ukabaki ukutani. Halafu nabisha hodi kwa jirani. Mzee aliyekaa hapo miaka mingi atakuonyesha kwa kidole maji yalifika wapi, na hana cha kukuuzia.

Bima iulizie kabla ya kusaini, kwa anwani kamili, kwa kampuni mbili tatu, na utamke neno mafuriko. Nimewahi kutajiwa ada ya mwaka iliyoifanya nyumba ya bei nafuu isiwe nafuu tena.

Sheria ya Victoria inamtaka muuzaji atoe taarifa ya maandishi, ile wanayoiita Kifungu cha 32. Humo utaona kama kiwanja kimo katika eneo la mafuriko au la hatari ya moto wa porini. Mpe mwanasheria aisome. Ukinunua kwa makubaliano ya kawaida, una siku 3 za kazi za kubadili nia, ingawa utakatwa kiasi kidogo. Ukinunua mnadani, huna.

Nyumba ya kabla ya 1990 ichukulie kuwa huenda ina asbesto, nyuzi za madini zilizotumika kujengea, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usitoboe ukuta kabla haijapimwa. Pembezoni mwa mji, uliza shimo la maji taka lilinyonywa lini mara ya mwisho, na tangi la mvua lina ukubwa gani. Pendelea sebule yenye madirisha ya kaskazini, maana huku jua hupita upande huo na asubuhi za Julai zina barafu kwenye nyasi.

Treni ya Melbourne husimama hapo, lakini ratiba yake ni chache. Kama nyumbani ni mmoja tu anayeendesha gari, jaribuni kupanga wiki nzima ya kazi, shule na daktari kwenye karatasi kabla ya kulipa amana.