Naitwa wakati wa mavuno tu

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni kibarua wa shambani. Mavuno yakifika naitwa kila siku, kisha miezi inapita bila kazi. Na kila mwaka tunaoitwa tunapungua. Niendelee kungoja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo ni mambo mawili. Kazi ya ndani ya mwaka hufuata mmea: kupanda, kupalilia, na zaidi kuvuna, maana tunda lililoiva halingoji. Basi ulizia mazao mengine yanavunwa lini. Nafaka na mboga hazina kalenda moja, na ng'ombe wa maziwa hukamuliwa mwaka mzima. Huko ajira haikatiki ovyo.

Kupungua mwaka hadi mwaka hakutokani na uvivu wako, usijilaumu hata kidogo. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya wafanyakazi 4 kati ya kila 10 duniani walikuwa kwenye kilimo. Kufikia 2019 walibaki kama robo tu. Mashine za kuvuna nafaka zimechukua nafasi ya mikono mingi. Matunda laini bado yanahitaji vidole vya mtu. Mimi ningejifunza kazi hiyo, au kuziendesha na kuzitengeneza mashine zenyewe.

Linaloniuma ni vibarua wa msimu kunyunyizishwa dawa bila glavu wala barakoa. Mkataba namba 184 wa shirika hilo, wa mwaka 2001, unataka usalama wao uwe sawa na wa wafanyakazi wa kudumu. Dai vifaa kabla hujaingia shambani.