Lancelot na Galahad: baba na mwana kwenye mizani moja

Safu iliyopita nilimtaja Lancelot, shujaa wa Mfalme Arthur, kwa kupita tu. Barua zilizokuja karibu zote zamuulizia yeye na mwanawe Galahad. Nafuata zaidi masimulizi ya Mwingereza Thomas Malory, yaliyochapwa mwaka 1485.

Kati ya baba na mwana, nani alikuwa hodari zaidi? (Msomaji, Dodoma)

Kwa mkuki na upanga, Lancelot aliongoza Meza ya Duara, kundi la mashujaa wa Arthur, miaka mingi. Kisha ikaja Pentekoste moja. Kwenye mto wa Camelot, mji wa Arthur, lilionekana jiwe linaelea, upanga umekwama ndani yake, na maandishi kwamba atakayeuchomoa ndiye shujaa bora duniani. Mfalme akamwelekeza Lancelot. Akakataa: upanga ule si wake. Siku hiyohiyo akaletwa kijana wa miaka 15, akakalia Kiti cha Hatari ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, kisha akateremka mtoni akauchomoa upanga bila kutoa jasho. Huyo ndiye Galahad.

Papo hapo akatokea mwanamke juu ya farasi mweupe, analia, akamwambia Lancelot mbele ya watu kwamba asubuhi alikuwa bora kuliko wote, na sasa atakayesema hivyo ni mwongo. Lancelot akajibu kwamba anajua hakuwahi kuwa bora. Mwanamke akamsahihisha: ulikuwa, na hata sasa ni wewe, lakini kati ya wenye dhambi. Mimi nakubaliana na huyo mama. Mizani ni mbili, na kila mmoja ana yake.

Lancelot si alikuwa anampenda Malkia Guinevere, mke wa Arthur? Mtoto katoka wapi? (Msomaji, Nakuru)

Alitegwa. Mfalme Pelles alijua kwamba binti yake Elaine akizaa na Lancelot, mtoto ndiye atakayekifikia Kikombe Kitakatifu, kile cha Yesu ambacho mashujaa wa Arthur walikisaka. Mchawi aitwaye Brisen akapanga mambo, Lancelot akanyweshwa kitu, na gizani akaamini yuko na malkia. Kulipokucha akashika upanga amuue Elaine, kisha moyo ukamlainika. Mtoto akakulia kwa watawa wa kike.

Katika masimulizi ya Kifaransa ya karne ya 13, Galahad ndilo jina alilobatizwa Lancelot mwenyewe. Baba alilipoteza, mwana akalivaa.

Fumo Liyongo wetu aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba. Hawa nao walipigana? (Msomaji, Lamu)

Mara moja, msituni. Galahad alikuwa amejibadilisha. Lancelot na mwenzake Perceval hawakumtambua, wakamvamia. Akamwangusha Lancelot pamoja na farasi wake, akamgeukia Perceval akamwangusha naye, kisha akatokomea kwa kuogopa kujulikana. Hapakuwa na rushwa ya sultani wala ahadi ya bibi arusi. Mwana wa Liyongo alijua fika kitovu anachokichoma ni cha nani.

Waliwahi kukaa pamoja kama baba na mtoto? (Msomaji, Mwanza)

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote. Lancelot alikuwa peke yake ndani ya merikebu isiyo na nahodha, pamoja na maiti ya dada yake Perceval, ndipo shujaa mmoja akaja akapanda. Wakaulizana majina. Galahad aliposikia ni babaye, alimwambia wewe ndiye mwanzo wangu katika dunia hii, akapiga magoti akaomba baraka zake. Hebu fikiria: yule asiye na doa anamwomba baraka mwenye dhambi. Kwa adabu za kwetu hakuna cha kushangaza hapo, baba ni baba, lakini ndani ya hadithi ambayo kila mtawa wa porini anamsuta Lancelot, inagusa sana.

Walikaa humo nusu mwaka. Siku moja akatokea ufukweni mtu mwenye deraya nyeupe, anaongoza farasi mweupe, akamwambia Galahad kwamba amekaa na baba yake vya kutosha. Wakaagana wakijua hawataonana tena. Lancelot aliomba jambo moja: mwanawe amwombee kwa Mungu.

Kwa nini Lancelot hakukipata kikombe? (Msomaji, Kigoma)

Alikiona kwa mbali. Alikuwa ameonywa asiingie chumba kilimokuwa, akaingia kumsaidia kasisi aliyeonekana kuelemewa na mzigo. Akapigwa na upepo wa moto, akalala kama maiti siku 24, moja kwa kila mwaka aliotumikia dhambi.

Watu hawa waliishi kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Mshairi Mfaransa Chrétien de Troyes ndiye aliyemfanya Lancelot mpenzi wa malkia katika karne ya 12. Galahad aliongezwa na waandishi wengine karne iliyofuata.

Wewe ungemchagua nani? (Msomaji, Tanga)

Baba. Galahad alifika mji wa Sarras, akatawala mwaka mmoja, akaomba kufa, akafa. Mtu wa namna hiyo sijui ningeongea naye nini. Lancelot alirudi nyumbani, na kurudi kwa malkia. Baadaye akaletwa Urry, shujaa kutoka Hungaria mwenye majeraha saba yasiyopona mpaka yaguswe na shujaa bora duniani. Wenzake Lancelot 110 walimgusa, bure. Lancelot aliogopa, akaomba kimyakimya, akagusa, majeraha yakafunga. Watu wote wakashangilia. Yeye akalia kama mtoto aliyechapwa.