Nimekomiti, Mbona Wenzangu Hawaoni?

Wasomaji wetu wa kusini wanaochangia programu huria kwa kujitolea wametuletea maswali mengi baada ya miradi yao kuacha Subversion na kuhamia Git, zote zikiwa programu za kutunza historia ya mabadiliko ya faili za mradi. Kukomiti ni kuhifadhi mabadiliko yako kwenye historia hiyo. Tunajibu manne.

Shikamooni wataalamu. Mimi natafsiri programu kwa Kiswahili. Jumamosi nilikomiti faili tatu kwenye Git, sikuona kosa lolote, lakini mratibu anasema hajapata kitu. Kazi imekwenda wapi?
Msomaji, Masasi

Marahaba. Kazi yako ipo, ndani ya kompyuta yako. Kwenye Subversion historia hukaa kwenye seva, kwa hiyo "svn commit" hutuma papo hapo. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005 kwa ajili ya Linux, humpa kila mchangiaji nakala ya historia nzima. "git commit" huandika kwenye nakala hiyo tu, ndiyo maana haihitaji intaneti. Kinachotuma ni "git push". Ukitaka kuona komiti ambazo hazijaenda, andika "git log origin/main..main" (origin ni jina la seva, na main ni tawi kuu, yaani mfululizo mkuu wa komiti; kama lenu linaitwa master, weka jina hilo).

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi waliozoea Subversion. Kule "svn add" ni ya mara moja, faili linapokuwa jipya. Kwenye Git, "git add" huchukua faili lilivyo dakika hiyo, na komiti huhifadhi hicho kilichochukuliwa. Ukiongeza tafsiri kumi baada ya hapo, hazimo. Rudia add, kisha kabla ya kukomiti tazama "git diff --staged", inayoonyesha kitakachoingia. "git diff" peke yake huonyesha kinachobaki nje.

Tunakusihi upushi kila unapopata mtandao. Komiti zilizolala kwenye kompyuta moja hazina nakala mahali pengine, na diski ikifa zinakufa nayo.

"git clone", ile ya kunakili mradi kutoka kwenye seva, hukatika ikikaribia nusu, nikirudia inaanza sifuri na bando linaisha bure. Subversion ilikuwa ikiendelea ilipoishia. Nifanyeje?
Msomaji, Liwale

Una haki ya kulalamika. Ukikatikiwa kwenye Subversion, "svn update" huendeleza ilipoachia. Clone ya Git hupokea historia yote kama furushi moja, na likikatika njiani linatupwa lote. Usirudie amri ileile.

Anza na "git clone --depth 1" ikifuatiwa na anwani ya ripo (hifadhi ya mradi, yenye faili na historia yake). Itashusha toleo la mwisho pekee, na unaweza kuanza kazi. Kisha ongeza historia kidogo kidogo kwa "git fetch --deepen=200"; kila awamu iliyokamilika inabaki kwako hata mtandao ukikatika baadaye. Siku mtandao ukiwa mzuri, malizia na "git fetch --unshallow". Historia ikiwa bado fupi, usiiamini "git blame", kwa sababu mistari yote ya zamani itaonekana imeandikwa na mtu mmoja, yule wa komiti ya zamani kuliko zote ulizonazo.

Lakini kwa ripo kubwa, njia tunayoipendekeza zaidi ni flashi. Mwenzako wa Lindi mjini mwenye ripo kamili avute kwanza mabadiliko mapya kwa "git pull", kisha aandike "git bundle create ripo.bundle --all". Linatoka faili moja lenye historia yote. Flashi ya FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi. Kama ni kubwa hivyo, aifomati kwa exFAT. Likikufikia, andika "git clone ripo.bundle mradi", ingia kwenye folda hiyo, halafu "git remote set-url origin" na anwani halisi ya seva, kisha "git fetch". Bando litatumika kwa yaliyoongezeka tu tangu flashi iondoke Lindi.

Nimeharibu faili, nikaandika "git revert" kama nilivyozoea svn revert, ikakataa.
Msomaji, Kilwa Masoko

Ni amri mbili tofauti zenye jina moja. Ya Git hutengeneza komiti mpya inayotangua komiti ya zamani. Unachotaka ni "git restore" na jina la faili, iliyokuja na Git 2.23 mwaka 2019. Kwenye matoleo ya nyuma andika "git checkout --" na jina la faili. Angalia sana: mabadiliko ambayo hujayakomiti wala kuyaadd hayarudi tena.

Push yangu inakataliwa ingawa faili langu hakuna mwingine aliyeligusa. Rafiki ananiambia niongeze --force, yaani nilazimishe.
Msomaji, Newala

Usiongeze! Subversion hukukatalia pale tu faili lako lenyewe limebadilishwa na mwingine. Git huangalia tawi zima, kwa hiyo mtu akitangulia kupushi faili lolote, wewe unasubirishwa. Ukilazimisha, komiti zake zinaondoka kwenye tawi la seva.

Andika "git fetch" kuleta mapya ya seva, kisha "git rebase origin/main" kuziweka komiti zako juu ya hayo mapya, ndipo upushi. Ukitokea mgongano, yaani wewe na mwenzako mmebadilisha mistari ileile, Git huandika matoleo yote mawili ndani ya faili: kilicho juu ya mstari wa ======= ni cha mradi, na kilicho chini ni chako. Ukitumia "git pull" ya kumeji (kuunganisha kazi mbili bila rebase), ni kinyume: cha juu ndicho chako, na hapa ndipo watu hufuta kazi ya wenzao bila kujua. Rekebisha faili, liadd, andika "git rebase --continue". Ukichanganyikiwa, "git rebase --abort" inakurudisha ulipokuwa.

Na kama kuna aliyekwisha kulazimisha, mwenye komiti zilizofutwa asivute chochote kwanza. Kwenye kompyuta yake aandike "git branch okoa", kisha "git push origin okoa". Akiwa ameshaweka upya tawi lake, "git reflog" itamwonyesha namba ya komiti ya zamani, naye aiweke mwishoni mwa amri hiyo ya branch. Asichelewe, maana kwa kawaida Git hutunza kumbukumbu za komiti zisizo na tawi kwa siku 30.