Taa za ziada, swichi yenye moto na fyuzi ya 30

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu lina betri ya volti 12 na taa za mbele ni balbu za kawaida za H4. Nimefungiwa taa mbili za ziada kwenye bampa, kila moja wati 55, ziwake pamoja na ful (mwanga wa mbali). Aliyezifunga alichuna waya wa ful nyuma ya taa ya kushoto akaunganisha hapo hapo. Fyuzi ya ampea 15 ikawa inaungua mara kwa mara, akaweka ya 30. Sasa haiungui, ila swichi ya taa pale kwenye usukani inapata moto, na taa zote nne zinawaka kinyonge, rangi ya njano. Je, betri imechoka? Halafu nimeweka balbu za LED kwenye indiketa za nyuma, zinapiga haraka haraka. Naomba msaada.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kabla ya yote, nenda kaichomoe hiyo fyuzi ya 30, rudisha ya 15, na uzitenganishe taa za ziada mpaka utakapozifunga upya. Usitembee nalo usiku mwingine likiwa hivyo.

Betri haina kosa. Chukua wati ugawe kwa volti, utapata ampea. Balbu ya H4 kwenye ful inakula wati 60, mbili ni 120, gawa kwa 12 unapata ampea 10. Waya, swichi na ile fyuzi ya 15 vilipangwa kiwandani kwa mzigo huo pamoja na nafasi kidogo ya kupumua. Wewe umeongeza wati 110. Jumla 230, yaani ampea 19 na ushei. Fyuzi ilipokuwa inaungua ilikuwa inakueleza ukweli, ikanyamazishwa.

Watu wengi huamini fyuzi ipo kulinda taa. Ipo kwa ajili ya waya. Ukiweka ya 30 kwenye waya uliopangiwa 15, waya wenyewe ndio unageuka fyuzi, na utaungulia ndani ya dashibodi, katikati ya plastiki na sponji. Nimewahi kufungua swichi ya gari lililokuwa na ufungaji kama wako. Vidoto vya shaba vinavyogusana vilikuwa vimegeuka buluu kwa moto, plastiki inayovishikilia imekuwa kahawia na imelegea, ukiibonyeza kwa kucha inabonyea. Mwenye gari alikuja kwa sababu ful ilikuwa inakatika kwenye matuta, hakujua kingine chochote.

Unyonge wa mwanga nao unatoka hapo hapo. Umeme mwingi ukipita kwenye waya mwembamba na swichi iliyochoka, volti zinapotelea njiani kama joto. Balbu za nyuzi zinaumia sana na upungufu huo: volti zikishuka kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana umeongeza taa ukaishia kuona vibaya.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Swichi ibaki na kazi ya kutoa amri, na umeme mzito upite njia yake yenyewe kutoka betri hadi taa. Ukiigeuza rilei utaona namba chini ya miguu. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri, 87 unaupeleka kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, sumaku inayovuta kidoto ndani, na koili inakula kiasi cha ampea 0.2 hivi, mzigo ambao swichi yako haitausikia. Rilei nyingine zina mguu wa tano, 87a, ambao una umeme wakati rilei imelala. Huo usiuguse kwa kazi hii.

Kutoka kwenye chanya ya betri toa waya wa milimita 2.5 za mraba, uwekee fyuzi ya 15 karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi shubiri moja. Nasisitiza umbali huo kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikisuguliwa na chuma mpaka ganda likatoboka, hakuna kitakachokata umeme ila moto wenyewe. Waya ukipita kwenye tundu la chuma, uwekee mpira wa kuzuia kusuguana, hata kama tundu linaonekana laini. Baada ya fyuzi, waya uende 30, na kutoka 87 ugawanyike kwenda taa mbili. Ampea 9 zitapita hapo kwa raha.

Sasa sehemu inayowasumbua hata mafundi: koili uipe amri kutoka wapi? Magari hayafanani. Mengine swichi inakata na kuunganisha chanya, na hasi iko kwenye bodi muda wote. Mengine, hasa ya Kijapani ya miaka ya nyuma, chanya inafika kwenye balbu muda wote taa zikiwaka, na swichi inaunganisha upande wa hasi. Ukichukua waya wa ful wa gari la namna hiyo ukautia 86, na 85 ukaifunga kwenye bodi, taa za ziada zitawaka ukiwa dimu (mwanga wa karibu) na kuzimika ukiweka ful. Nimeona mtu akibadilisha rilei tatu akidhani ni mbovu. Njia salama kwa aina zote mbili ni kuifunga koili sambamba na uzi wa ful: weka ful, chukua multimita (kipimo cha volti), tafuta miguu miwili ya soketi ya H4 inayoonyesha volti 12 ukiwa ful na sifuri ukiwa dimu. Wa chanya uende 86, wa hasi uende 85. Katikati ya waya wa 86 weka swichi ndogo ya dashibodi, ili uweze kuziacha taa za ziada zisiwake unapotaka. Ukirudisha dimu kwa ajili ya anayekuja mbele yako, nazo zinazimika palepale, na ni lazima iwe hivyo.

Kama gari ni la karibuni na taa zinaendeshwa na kompyuta, usichune waya wowote kabla ya kupata mchoro wake. Baadhi hupeleka umeme kwa mapigo, na rilei itatetemeka kama nyuki.

Hasi ya taa ifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae, kaza boliti, kisha paka grisi kuzuia kutu. Viungio vibane kwa terminali na koleo lake, uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Mimi si mpenzi wa risasi ya kulehemu kwenye gari: inaugandisha waya, na mtikisiko unaukatia pale ugumu unapoishia.

Kuhusu indiketa, balbu ya zamani ni ya wati 21 na inavuta karibu ampea 1.8. LED inavuta kidogo sana, kwa hiyo flasha, kile kifaa kinachozipigisha indiketa, inadhani balbu imekufa na inapiga haraka kukuonya. Kama flasha yako ni ya kuchomoa, nunua ya LED uichomeke, kazi imekwisha. Wengine hufunga rezista ya omu 6 kwa kila balbu, ili ivute umeme kama balbu ya zamani. Inafanya kazi, lakini inatoa joto la takriban wati 30 ikiwaka, inatosha kuyeyusha plastiki. Ikibidi, ifunge kwenye chuma, usiifunge kamwe kwa tepu juu ya nyaya.

Ukimaliza, washa injini, weka ful kwa dakika 10. Weka multimita ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya taa ya ziada. Ikisoma chini ya volti 0.5, njia ni safi. Ikizidi, pitisha mkono taratibu kwenye viungio kimoja kimoja. Kile chenye joto kuliko vingine ndicho cha kukata na kubana upya. Na swichi ya usukani, hata ikipoa, ifungue uitazame. Plastiki ikiwa imegeuka rangi, ibadilishe.